Kurasa 114 na 115 Zilizorukwa na Mashine

Wewe unayenitumia ujumbe kila wiki kwamba vijana wa siku hizi hawasomi, hebu nipumzishe. Nani kakwambia? Wanasoma. Wanasoma mpaka karatasi inachanika. Shida ni namna wanavyosoma. Na kabla hujaanza kutikisa kichwa kwa masikitiko, jua kwamba hata wewe umo.

Kuna dada mmoja mtaani kwetu tunamwita Wino, kwa sababu tangu nimjue sijawahi kuona vidole vyake vikiwa safi. Ana miaka ishirini na saba. Anafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, lile lililobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi, lenye mashine mbili: moja nzima, nyingine mpaka ipigwe kofi ubavuni ndipo ivute karatasi. Kutwa nzima anachapa barua za kuomba kazi, anakuza picha za marehemu, anabana ripoti za wanafunzi wa chuo ziwe kama kitabu. Ukimpelekea wasifu wako atausahihisha bila kuombwa. Wangu alinirudishia akasema, "Umeandika 'mchapakazi' mara nne. Mchapakazi hana muda wa kusema mara nne, yuko kazini."

Huyo huyo Wino ni mwandishi wa riwaya. Ana vitabu viwili vya vijana, vimechapishwa, vina jalada, vina picha yake nyuma. Vinamhusu msichana fundi anayepanda minara ya simu, ambaye akifika juu kabisa anasikia mazungumzo ambayo watu hawakuwahi kuyamaliza. Usicheke. Cha kwanza nilianza kukisoma kwenye foleni ya benki, namba yangu ikaitwa ikapita na sikusikia.

Anaandikia hapo hapo dukani, wateja wakipungua, kwenye faili la kompyuta alilolipa jina "Bei za Kubana Ripoti" ili Bosi asishawishike kulifungua. Mtu akiingia analificha. Kitabu cha tatu chote kimeandikwa hivyo, vipande vipande, katikati ya "dada, nitolee kitambulisho mbele na nyuma".

Nyumbani anakaa na shangazi yake, fundi wa kushona sare za shule. Kuta za chumba cha Wino zimejaa picha za nahodha wa katuni moja ya mfululizo, ya wasafiri wa anga wanaoendesha chombo kinachovuja. Ameifuata tangu utotoni. Ana kikombe cha nahodha, ana soksi za nahodha, na anaweza kugombana nawe saa nzima kuhusu kwa nini nahodha hakupaswa kumwacha mpishi kwenye ile sayari ya barafu. Mwaka jana alijishonea koti la nahodha, vifungo na kila kitu, kutokana na pazia la sebuleni.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "wenzako wanaangalia katuni, wewe unaivaa. Sasa majirani wananiona nikila."

"Shangazi, kazi ya pazia si kuzuia jua? Huko angani jua ni kali zaidi."

Lakini nikuambie kitu kimoja. Huyo nahodha wake hajawahi kumwangalia kwa njia ya wizi, hata siku moja. Sisi wengine tunarushiana vipande kwenye simu, yeye anasubiri miezi hadi vitoke kihalali. Nilipomcheka alisema, "Kuna mtu alikaa chini akachora jicho la huyo nahodha. Nikimwibia, nitamtazama kwa uso gani?"

Sasa sikia. Mwezi uliopita mchapishaji wake alimpigia simu. Nilikuwepo dukani, na Wino mikono yake ilikuwa imejaa wino wa mashine, kwa hiyo aliweka spika.

"Mdogo wangu, kitabu cha tatu nimemaliza kukisoma. Kizuri sana. Lakini cha pili kimelala stoo, maboksi yamefika dirishani. Siwezi kuchapa cha tatu wakati cha pili hakisomwi."

"Hakisomwi?"

"Hakisomwi. Niletee watu mia tatu walioweka oda ya cha tatu kwenye duka la vitabu kabla ya mwisho wa mwezi ujao, nakipeleka kiwandani. Wasipofika, tusahau."

"Tusahau mpaka lini?"

"Tusahau tu, mdogo wangu."

Majina mia tatu kwenye daftari la oda. Wino alianza kuyasaka kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea. Aliweka tangazo kwenye kila bahasha iliyotoka dukani. Alimwomba kinyozi, na kinyozi akaandikisha jina ingawa anakiri hajasoma kitabu tangu atoke shule. Shangazi aliandikisha wateja wake watatu huku amewashikia sare zao. Baada ya wiki mbili alikuwa na watu mia moja sabini na wanane.

Jumanne iliyopita, saa nane mchana, nami nikiwa hapo dukani, wakaingia wanafunzi wanne wa sekondari. Mbele yao msichana mrefu mwenye miwani, anatembea kama mwenyekiti wa kitu fulani. Akatua bunda la karatasi kwenye kaunta.

"Shikamoo dada. Tunaomba kopi kumi na mbili za hiki. Mbele na nyuma, na utubanie."

Wino alilivuta lile bunda, akasoma jalada. Kilikuwa kitabu chake cha pili. Hapana, hicho si kitabu, ni kopi ya kopi ya kopi. Kingo nyeusi, herufi za mwisho za mistari zimeliwa, na ile picha yake nyuma ya jalada imekuwa doa jeusi lenye meno.

"Mmekipata wapi?" akauliza.

"Ni cha klabu," akajibu Miwani kwa fahari zote. "Tuna klabu ya kitabu hiki, dada. Tupo arobaini na mmoja. Kila mwanachama lazima awe na nakala yake, ndiyo sheria. Hizi ni za wapya kumi na wawili, bado hawajaapishwa."

"Wanaapishwaje?"

"Wanapanda ngazi ya tangi la maji la shule, wanasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Mmoja alitapika lakini tulimpitisha."

Arobaini na mmoja! Shule moja tu! Na huku kuna mtu mzima kakaa ofisini, amezungukwa na maboksi, anasema kitabu hakisomwi.

"Na kitabu chenyewe, cha dukani, kiko wapi?"

Wakatazamana. "Chenyewe hatujawahi kukiona," akasema mvulana wa nyuma.

Bosi akachungulia kutoka stoo. "Wino, mbona mashine kimya? Watoto wanasubiri."

"Bosi, hiki ni changu."

"Kila kinachoingia hapa ni cha mtu. Hata cheti cha kuzaliwa ni cha mtu. Toa kopi."

"Nimekiandika mimi, Bosi."

"Si umeshamaliza kuandika? Waache wasome."

Wale wanafunzi wakaangua kicheko. "Dada, acha utani," Miwani akasema. "Mwandishi mwenyewe ndiyo awe hapa anatoa kopi?"

Hilo lilinichoma, sitaficha. Kwani mwandishi anakaa wapi? Anakula nini? Mnadhani anahifadhiwa kwenye kabati la vioo?

"Haya," Miwani akaendelea, amekunja mikono. "Kama ni wewe, kaka yake fundi alikufa lini?"

"Kaka yake hajafa."

Wakaguna wote wanne. "Hata hajakisoma!"

Ndipo wakamweleza Wino kitabu cha Wino. Kwamba ukurasa wa 113 kaka ameanguka kutoka mnarani, yuko hoi hospitalini, dada yake amesimama kando ya kitanda. Halafu ghafla kaka yuko mezani anakula, na dada hamsemeshi wala hamtazami, anapakua chakula kama hakuna mtu. Kwa nini? Kwa sababu amekufa, huyo mezani ni mzimu! Klabu ina daftari zima la ushahidi. Kuna mwanachama alisimamishwa wiki mbili kwa kubisha.

Wino alifungua lile bunda, akapekua polepole. 112. 113. Halafu 116.

Ukitoa kopi ya kitabu unakilaza wazi, kurasa mbili kwa mara moja. Mtu fulani, kwenye mashine fulani, siku fulani, alifunua karatasi mbili zikiwa zimeshikana. Kurasa mbili zikabaki nje, na kila kopi iliyozaliwa baada ya hapo ikazaliwa na pengo hilo.

Wino akaweka viganja juu ya kaunta, akaanza kusema bila kusoma popote.

"Kaka anafumbua macho. Anasema, 'Barua yako ya chuo cha ufundi ilifika mwaka juzi. Niliichoma. Ungeondoka, nani angenipikia?' Dada anatoka nje ya wodi. Anasimama ukutani mpaka miguu inakufa ganzi. Anarudi. Anamwambia, 'Nitakulisha mpaka mkono wako uweze kushika kijiko. Siku utakayoshika kijiko mwenyewe, usinitafute.'"

Mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akasogea karibu asikie. Miwani akalivuta bunda, akatafuta ukurasa uliofuata.

"Ukurasa wa 116," akasema taratibu, "mezani… kaka ameshika kijiko."

"Ndiyo."

"Kumbe anaondoka."

"Ndiyo kitabu cha tatu."

Msichana akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Mimi roho ikatulia, nikajua sasa wameelewa. Akaivaa tena.

"Dada, samahani. Si utuandikie tu hizo kurasa mbili? Tutazichomeka katikati, halafu ututolee kopi."

Jamani! Jamani! Nilitaka kuingia ndani ya mashine nijifungie.

Wino yeye hakupayuka. Aliwaeleza habari ya mchapishaji, maboksi na majina mia tatu. "Ninyi mpo arobaini na mmoja," akasema, "na kwenye hesabu yake ninyi ni sifuri. Kopi haihesabiwi. Nimeambiwa hakuna anayenisoma, na ninyi mnapanda tangi la maji."

"Lakini sisi tunakupenda," mvulana wa nyuma akasema, na aliimaanisha kabisa, ndicho kinachokera. Shangazi alipohadithiwa jioni alisema, "Hata fisi anampenda mbuzi."

Kopi hazikutolewa. Bosi alilalamika kwamba amefukuziwa wateja, na kwamba wakirudi atawatolea mwenyewe, hana ugomvi na karatasi. Kabla ya kuondoka Miwani aliomba saini. Kwenye lile bunda! Wino akalitazama lile doa lenye meno, akasema, "Hapo sisaini. Nitasaini kwenye chenu."

Wameenda duka la vitabu kujiandikisha, nawapa haki yao. Miwani alikuwa wa kwanza, akawaburuta ishirini na sita wa klabu. Yule aliyesimamishwa kwa kubisha wamemrudisha, naye kajiandikisha. Wengine wamesema watangoja mmoja anunue kwanza, na mnajua na mimi najua wanangoja nini.

Hadi jana jioni daftari lilikuwa na majina mia mbili arobaini na tatu. Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi, duka la vitabu likifungwa, mchapishaji anapigiwa simu, na yule fundi ama anaondoka kwa kaka yake ama anabaki pale mezani maisha yake yote.

Kwa hiyo wewe, ndiyo wewe, uliyesoma kitabu cha pili kwenye simu, kwenye karatasi ya kuazima, kwa binamu yako, sitaki unieleze ulikipataje. Nenda duka la vitabu mkabala na posta kabla ya Ijumaa. Karani akisema hajui unachozungumzia, mwambie afungue droo ya chini, daftari la jalada la kijani. Andika jina lako kamili na namba yako ya simu.