Kiingereza Hakina Magoti

Kwangu mimi, Kiingereza kinanuka ndizi zinazoiva gizani. Mwaka niliomaliza darasa la saba, masomo ya pre-form one pale Kyimo yalifanyika kwenye ghala la mfanyabiashara wa ndizi, kwa sababu shule ilifungwa likizo na upande mmoja wa ghala lake ulikuwa mtupu. Upande wa pili mikungu ililala imefunikwa majani makavu, ikiiva polepole, na sisi upande huu, juu ya viroba na matofali, tukiivishwa haraka haraka. Mvua ya Rungwe, ambayo haijui kuaga, iligonga bati mpaka mwalimu akawa anafundisha kwa kupiga kelele, na sweta zetu zilizolowa zilitoa mvuke wenye harufu ya mbuzi. Hadi leo nikipita sokoni Tukuyu penye ndizi zilizoanza kugeuka njano, mdomo unaanza wenyewe: ai emu, yuu aa, shii izi. Naogopa iko siku muuzaji atadhani nimechanganyikiwa, ingawa majirani zangu wa Bulyaga watamwambia kwamba hiyo si habari mpya.

Mwalimu alikuwa kijana mrefu aliyehamishiwa kwetu kutoka kanda ya ziwa. Siku ya kwanza alitusikia tukisema Kiswahili chetu, chenye l mahali pa r na s mahali pa z, akacheka mpaka akashika ukuta. "Nyinyi hata Kiswahili mnakiongea kama mna ndizi ya moto mdomoni," alisema. "Kiingereza mtakiwezea wapi?" Yeye naye alikuwa na lafudhi ya kwao, lakini nani angemcheka, wakati hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko kwao? Neno letu la kushukuru, ndaga, alilipiga marufuku ghalani. Ukipewa chaki ukasema ndaga, unairudisha. Ila kilichomuudhi kuliko ndimi zetu ni miili yetu. Sisi wasichana tulilelewa hivi: mkubwa akikusemesha, unapiga magoti, macho unayapeleka chini, sauti nayo unaishusha. Kwake yeye hayo yote yalikuwa makosa ya Kiingereza. "Simama wima! Nitazame machoni! Kiingereza hakina magoti!" Basi tukawa na kipindi kizima cha kusimama tu. Ghalani tunanyooshwa, tukifika nyumbani tunajikunja tena. Mwili wangu ukawa kama kile kiti cha kanisani, cha kufungua na kufunga.

Nilikuwa naishi kwa bibi mzaa baba, pamoja na binamu yangu Atupele, mtoto wa shangazi. Tulilingana umri, tulilala kitanda kimoja, na msimu ule wote tulikuwa tunawania kitu kimoja. Baba yangu mdogo, ambaye kwa Atupele ni mjomba, alikuwa mtu wa ofisi Dar es Salaam, na alikuwa ametuma habari kwamba Krismasi atakuja kumchukua mmoja wetu akasome huko, kwenye shule ambayo hata wapishi wanagombana kwa Kiingereza. Nyumbani kwake kulikuwa na nafasi ya mmoja tu. Atakayeongea naye Kiingereza bila kuona haya ndiye atakayepanda basi. Atakayebaki ataanza sekondari ya kata, ile ya kushuka bondeni kwenye tope umeshika viatu mkononi. Niliitaka mno safari ile. Mimi ninayekaa nyumbani leo kama chungu jikoni, wakati ule nilijua rangi za mabasi yote ya Dar. Na maneno nilikuwa nayo mengi kuliko Atupele. Tukienda kuchota maji ndiye aliyekuwa ananiuliza, "Tuse, mbuzi anaitwaje vile?" Bibi alituhimiza sote wawili. Kinyakyusa ndicho kilichokuwa lugha yake, Kiswahili alikivaa kama viatu vya kuazima, akija mtu wa serikali. Lakini jioni alituweka mbele ya moto na kuamuru, "Haya, semeni Kisungu nisikie," kisha anatikisa kichwa kwa kuridhika, haelewi hata neno moja.

Baba mdogo alikuja kweli, suruali imenyooshwa pasi mpaka mstari unaweza kukukata. Asubuhi baada ya sikukuu alikaa kwenye kiti cha babu, akatuita sebuleni mbele ya mashangazi na majirani waliokuja kunywa chai na kushuhudia Kizungu kwa macho yao. Nilianza mimi. Nilisimama wima, nikamtazama machoni, nikamweleza jina langu, kijiji changu, na kwamba nataka kuwa nesi. Sauti haikutetemeka. Baba mdogo alianza kutabasamu, na mimi nikaanza kuliona basi. Hapo mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia bibi na jagi la maziwa mgando. Alikuwa ameamkia zizini, hatukuwa tumeonana tangu kulipopambazuka, kwa hiyo aliniamkia kama alivyoniamkia kila asubuhi ya maisha yangu: "Ugonile?" Kabla sijawaza lolote, magoti yangu yalikuwa sakafuni, macho yapo chini, na mdomo umeshajibu, "Ndaga." Nilipoinuka, Kiingereza chote kilikuwa kimebaki kule chini. Nilifungua mdomo, halikutoka hata lile neno la mbuzi. Shangazi mmoja alicheka, wengine wakaitikia. "Basi, mwanangu, basi," alisema baba mdogo kwa upole, ule upole anaosemeshwa mgonjwa. "Tumekusikia."

Zamu ikawa ya Atupele. Bibi akamgeukia naye, "Ugonile?" Binamu yangu alibaki amesimama kama mlingoti wa bendera, akamkazia bibi macho, akamnyooshea mkono, akasema, "Good morning, grandmother. How are you?" Nikasema moyoni, amekwisha huyu. Bibi alitazama ule mkono, akahamisha jagi, akaupokea. Baba mdogo akapiga makofi. "Huyu ndiye! Huyu hataniaibisha mjini." Yale mengine machache aliyoulizwa Atupele alijibu yes tu, na yalitosha.

Mchana nilijisogeza jikoni kwa bibi nikafarijiwe. Nilijua nimepoteza, lakini nilijua nimepoteza kwa kumheshimu yeye. Nilisubiri aseme walau neno. Alikuwa anamenya ndizi, hanitazami. "Mjinga wewe," akasema. "Nani kakutuma upige magoti?"

"Bibi, si umeniamkia?"

"Nikikuamkia ndiyo nini? Mimi nakuona kila siku. Magoti yako nitayapeleka wapi? Mwensako kasimama, anakwenda Dasalamu. Wewe umepiga magoti, haya, kaa hapa tuote moto."

Alinisema hivyo kwa Kiswahili. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kuitwa mjinga: alinivalia vile viatu vya kuazima, kana kwamba nimetoka serikalini.

Atupele aliondoka na baba mdogo, akiwa amevaa sweta langu kwa sababu lilikuwa zima kuliko lake. Mimi nikashuka bondeni na viatu mkononi, kwenye shule ambayo Kiingereza chenyewe kilifundishwa kwa Kiswahili, na matokeo ya kidato cha nne yakaja yale mliyozoea kuyasikia. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila mgeni aliyefika alisimuliwa habari za mjukuu wa Dasalamu: "Alinisalimu Kisungu, kasimama hivi!" Na mgongo wake ule mbovu alikuwa anainuka kwenye kigoda kuwaonyesha. Niliyemletea maji nikiwa nimepiga magoti ni mimi. Alinyoosha mkono akapokea kikombe, hadithi ikiendelea.

Sasa nashona nguo barazani kwangu Bulyaga. Nilikofika mbali kabisa ni Mbeya mjini, na nikarudi siku hiyohiyo. Nina binti mmoja, nimempa jina Brightness, ambalo bibi angelitamka kwa kupumzika katikati. Anasoma shule ya English medium, ninailipia kwa vitenge vya watu. Kwenye kikao cha wazazi tuliambiwa nyumbani tuongee Kiingereza tu, tusiwaharibu watoto. Nimetii. Kiingereza changu huisha kabla ndizi hazijaiva, kwa hiyo jioni nyingi tunakula kimya.

Mwezi uliopita Atupele alinipigia simu. Anamwoza binti yake, wakwe ni watu wa huku kwetu, na MC anataka siku ya send-off bibi harusi awasalimie kienyeji. "Tuse, nitumie sauti ya zile salamu za bibi. Na magoti yanakuwaje, linaanza la kulia au la kushoto?" Nilimtumia. Nikarudia taratibu, mara kadhaa, kama ninavyosemesha cherehani linapogoma. Kisha video ikaja: ukumbi wenye taa za rangi, mtoto anashuka chini, macho sakafuni, anasema ugonile ya kwangu kabisa, na watu wanalipuka kwa vigelegele, shangazi mmoja anafuta machozi. Magoti yaleyale yaliyoninyima basi. Niliitazama video ile mpaka chaji ikaisha, na Brightness alikuwa anaitazama nyuma ya bega langu.

Kesho yake jioni alirudi kutoka shule, mvua inanyesha. Nilisubiri ile good evening yake ya kila siku. Badala yake aliweka begi chini, akapiga magoti barazani, akashusha macho, akijikaza asicheke. "Ugonile, mama," akasema, ingawa ilikuwa jioni na salamu ile ni ya asubuhi. Alipatia kuliko yule bibi harusi. Ndaga yangu ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

"Simama, mjinga wewe," nikajisikia nasema. "Nani kakutuma upige magoti?"

Akainuka, akajipangusa magoti, akaniomba radhi kwa Kiingereza safi.