Wiki Tatu za Kimya cha Mama Frankline

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Frankline kilikuwa daftari dogo la shule, limefungwa kwa uzi na kuning'inia shingoni mwake. Nilikuwa nimehamia Makongeni juma lile kufundisha shule ya hapo, mlango wa pili kutoka kwake, nikaenda kwenye meza yake sokoni kununua ngege, samaki wa kukaanga. Nilimsalimu kwa adabu zote nilizofundishwa. Alitabasamu, akaandika: "Karibu mwanangu. Siongei, ila nasikia vizuri."

Mbuthia, fundi wa viatu anayekaa kando yake, alicheka. "Usishtuke, mwalimu. Mathe amekatiwa kredo ya simu."

Mama Frankline alimrushia ganda la limau, mabega yake yakicheka bila sauti.

Mbuthia ndiye aliyenieleza. Kwa miaka kumi na tisa Roseline, maana hilo ndilo jina la Mama Frankline, ameongoza maombi katika kanisa la mabati lililo nyuma ya nyumba zetu. Hakuhitaji kipaza sauti. Akiomba, hata wapita njia waliitikia amina. Kisha sauti ikaanza kukwaruza na kukatika. Daktari aliona uvimbe kwenye nyuzi za sauti, akautoa, akaupeleka kupimwa kama ni saratani. Akaamuru wiki tatu za kimya. Hata kunong'ona alikatazwa.

Hofu yake niliisoma mwenyewe daftarini. "Siogopi kufa tu. Tangu niokoke sijawahi kuomba kimya. Sijui kama Mungu atanisikia."

Jumamosi ile akina mama wa kanisa walikuja nyumbani kwake kumwombea. Mimi nilisaidia kubeba viti, nikabaki. Waliomba wote kwa pamoja, kila mmoja na maneno yake, kama walivyozoea, hadi madirisha yakatetemeka. Kezia, rafiki yake mkubwa, alimshika bega akamtikisa.

"Fungua kinywa, dada! Ukinyamaza, adui anapiga makofi!"

Roseline alifungua kinywa. Mishipa ya shingo ilimsimama. Niliogopa kwamba angepiga kelele na kukichana kidonda. Badala yake alichukua mfuniko wa sufuria na mwiko, akagonga mara tatu. Akaandika, akanipa daftari nisome.

"Leo ombeni kama mimi," nikasoma.

"Kama wewe vipi?" Kezia akashangaa. "Kimya? Mungu atadhani tumeenda nyumbani!"

Walicheka, kisha wakaketi. Mwanzoni kilikuwa kimya cha aibu: mtu alikohoa, mwingine akapanga upya leso yake. Bomba la nje lilidondosha tone moja moja. Treni ya mizigo ikapita, glasi zikagongana kabatini, mlio wake ukafifia mbali. Hapo ndipo kilipoingia kimya kingine. Nimesoma vitabu vingi chuoni, lakini sina jina la kile kilichojaa chumba kile. Nilihisi kwamba nikiinua macho nitamwona mtu ambaye hakuingia nasi mlangoni. Sikuthubutu. Nilipoyainua hatimaye, nilimwona Roseline. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, na machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta.

Tulipotoka, Kezia alinishika mkono pale kizingitini. "Mwalimu, nawe umesikia?" akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa.

Siku iliyofuata nilimuuliza Roseline aliomba nini. Alifikiri sana kabla ya kuandika. "Hata kupona nilisahau kuomba. Nilikuwa mbele zake tu, naye alikuwapo. Bado naogopa majibu. Ila sasa naogopa nikiwa nimeshikwa mkono."

Tangu hapo, kila alfajiri kabla ya kwenda sokoni, huketi nusu saa kwenye kigoda mlangoni pake, amefumba macho. Wapangaji wanaokwenda kazini hupunguza hatua wakimfikia. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Alhamisi hii anarudi kliniki. Daktari atamsomea majibu, kisha atamruhusu ajaribu sauti. Sentensi yake ya kwanza ameshaiandika kwenye ukurasa wa mwisho, akaukunja na kuubana kwa pini. Mbuthia anaapa imeandikwa, "Mbuthia, funga mdomo." Kezia atamsindikiza, nami nimeomba ruhusa shuleni.

Leo ni Jumanne. Kila mteja anayemuuliza bado siku ngapi, yeye humwinulia vidole viwili vyenye unga, kisha hugeuza samaki.