Jeti ya Vitofali Niliyoipeleka Msambweni

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikusimuliwa, sikuota, wala sikuwa na homa siku hiyo. Nimekaa nayo miaka mitatu nikitafuta maelezo mengine yanayoweza kusimama, na yote niliyoyapata yameanguka. Ndiyo maana leo nayaandika kama yalivyokuwa. Ukitaka kuyakataa, yakatae ukishamaliza kusoma. Hata mimi nilikuwa mtu wa kukataa.

Kwanza nieleze kazi yangu. Nilikuwa karani wa ghala katika hoteli moja ya Diani kwa miaka kumi na minne. Wageni wakiondoka, watoto wao huacha vyumbani vile vitofali vya plastiki vya kuchezea, vinavyoshikana kimoja juu ya kingine. Nilivikusanya katika makopo. Nyumbani Ukunda nilivichambua kwa rangi na kwa ukubwa, na bila mwalimu nikajifunza kujenga navyo vitu vinavyofanana na vya kweli. Nilianza na msikiti wa mtaa wetu. Hoteli ilipopunguza watu, kazi hiyo ndiyo iliyonibakia. Wenye nyumba za ufukweni huniagiza mifano ya nyumba zao, na wenye boti wa Shimoni huniagiza boti zao. Kila kazi naiandika katika daftari: vitofali vingapi, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na masharti ya aliyeagiza.

Nilikuwa na desturi moja ambayo sikuiandika daftarini. Ndani ya kila mfano nilimweka Zuhura. Zuhura alikuwa mke wangu, na alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya mambo haya. Nilichukua kisanamu cha mwanamke, kidogo kama kidole gumba, nikampaka leso nyekundu kichwani, kwa maana hivyo ndivyo alivyopenda kujifunga. Kila nilipomaliza mfano nilitengeneza kisanamu kingine kama hicho, nikamketisha karibu na dirisha, mahali pasipoonekana kwa urahisi. Unaniona mjinga? Maisha yake yote hakuwahi kuvuka Mombasa. Hiyo ilikuwa njia yangu ya kumsafirisha.

Mtu yule alikuja Jumatatu, baada tu ya adhuhuri, jua likiwa utosini. Alipiga hodi, nikamkaribisha. Alikuwa mtu mzima wa rika langu, kanzu nyeupe, kofia iliyoshonwa vizuri, anayenukia marashi ya waridi. Barabara yetu ni ya vumbi jekundu, na kanzu yake haikuwa na doa hata kwenye pindo. Jambo hilo niliona ajabu, nikaliandika siku hiyo hiyo. Kiti nilimpa, hakukaa. Nilimwonyesha vitofali, hakuvigusa.

Alisema anataka ndege, jeti ya binafsi: nyeupe, mstari mwekundu ubavuni, injini mbili nyuma, viti vinane, na mlango unaofunguka na ngazi yake. Nilimweleza kwamba jeti sijawahi kuikaribia, kwamba hapa Ukunda ninazoziona karibu ni ndege ndogo za rafadha, zile zenye mapanga yanayozunguka puani, na kwamba itabidi nijifunze kwa picha. Akasema nijifunze. Nikamuuliza ni ya nani.

"Kuna mgonjwa Msambweni," alisema. "Hiyo ikifika, atapona."

Nikadhani ni mtoto anayetaka kitu cha kumchangamsha. Nani asingedhani hivyo?

Sharti lake lilikuwa moja. "Viti viwe vitupu, fundi. Vyote vinane."

Niliandika. Akanielekeza nyumba yenye mlango wa buluu, nyuma ya msikiti, akataka niipeleke mwenyewe Alhamisi ya wiki ya pili kabla ya alasiri, na ujira wangu ningeukuta huko huko. Nilipomwomba jina alitabasamu, akasema huko wanamjua.

Niliifanya kazi ile kwa siku tisa. Pua niliijenga mara nne kabla haijakubali kuchongoka. Madirisha niliyaweka ya plastiki nyeusi, kwa hiyo ukiwa nje huoni ndani. Mlango ulifunguka na kufungika bila kukwama. Nakuambia kweli, sijapata kutengeneza kitu kizuri kuliko kile.

Na siku ya tisa nikamketisha Zuhura kiti cha nne, upande wa kushoto, dirishani. Sharti lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya macho yangu. Kwa nini nilifanya hivyo? Mkono ulikuwa umezoea, hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilijiambia: nyumba za watu nimemweka, boti nimemweka, leo ni jeti, nimwache nje? Mtoto mgonjwa hatajua. Kisha, kwa kuwa barabara ingetikisa, nikalibandika paa kwa gundi, nisije nikafika na kifusi.

Alhamisi jirani yangu alinipeleka kwa gari lake, akanishusha msikitini. Nyumba niliiona mara moja. Mama mmoja alifungua mlango. Baadaye nilijua anaitwa Bi Mwanasha. Nilimwamkia, nikamwambia nimeleta ndege ya mgonjwa. Aliitazama mikononi mwangu, akashika mwimo wa mlango.

"Nani amekutuma?"

Nilipoanza kueleza alimwita kaka yake, Juma, aliyekuwa uani. Huyo Juma ni mtu wa mzaha, na hata siku ile mzaha haukumwisha mara moja. Alinisimulia tukiwa barazani. Mgonjwa alikuwa Mariamu, binti wa Bi Mwanasha, msichana wa miaka ishirini. Ulikuwa mwezi wa tatu sasa hasimami. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema hawaoni ugonjwa. Tena siku nne alikuwa hajala chochote, maji tu kwa kijiko. Mganga alisema ana jini, na kwamba jini anataka chombo cha kuondokea.

Kama hukukulia huku, elewa jambo hili: mtu akishikwa na pepo wa bahari, wapo wazee wanaomtengenezea pepo mashua ndogo ya mti. Hutiwa marashi, ubani, halua na mayai, ikasukumwa majini ili pepo apande aende zake. Ya Mariamu ilisukumwa mara tatu. Mara tatu ilirudi, ikakaa pale pale mchangani. Ndipo jini aliposema kwa kinywa cha msichana kwamba amechoka kulowa, na hapandi tena isipokuwa ndege.

"Siku hizi hata majini wamesoma, bwana," Juma alisema. "Mashua hawataki, wanataka jeti. Ngoja, kesho huyu ataomba na pasipoti."

Hawakumwambia mtu. Waliona haya, na tena wangeitafuta wapi? Basi mimi nikawaeleza sura ya aliyeniagiza, kanzu yake na marashi yake. Mzaha ukamwisha Juma.

Sauti ikatoka chumbani. "Fundi amefika. Mleteni."

Niamini, nilizungumza na mteja yule karibu nusu saa. Sauti niliijua. Ilikuwa yake, nzito na tulivu, na ilitoka kwa msichana aliyelala juu ya kitanda cha kamba, amekonda hata mifupa ya viganja ikahesabika, macho ameyafumba. Harufu ya waridi ilijaa chumba. Niliiweka ndege sakafuni, nikafungua mlango wake mdogo, nikashusha ngazi.

"Kiti changu kimekaliwa," ilisema sauti.

Katika nyumba ile hakuna aliyejua. Nje haonekani, nimekwisha kueleza habari ya madirisha. Unajua nilijibu nini, mimi mtu wa hesabu?

"Viko vingine saba."

"Nilikwambia vinane."

Bi Mwanasha alipiga magoti kando yangu. "Mtoe, baba. Nakuomba kwa Mungu, mtoe, yeyote aliyemo."

Nilijaribu. Nilikuwa na kibano mfukoni, nikakipitisha mlangoni, lakini kiti cha nne kilikuwa mbali, kibano hakikufika. Paa lilikuwa na gundi. Nikasema basi nitalivunja. Sauti ikasema nikiivunja hapandi, na asipoondoka kabla ya jua kuzama hataondoka tena. Bi Mwanasha hakulia. Alimtazama mwanawe tu, na sote watatu tulijua msichana yule hangefika Jumamosi.

"Ni nani?" sauti iliniuliza.

"Mke wangu."

"Yu hai?"

"Amefariki."

"Basi niruhusu niende naye. Useme, hawa wawili wasikie."

Kwetu ruhusa si neno dogo. Mtu akikupa kitu chake mbele ya mashahidi, kimekwenda, hata akijuta usiku huo huo. Mimi nililelewa hivyo. Lakini pia nilikuwa mtu wa hesabu na daftari, na nikawaza: hiki ni kipande cha plastiki. Zuhura yuko kaburini kwake kisiwani Wasini, kwao, nilimzika kwa mikono hii. Nitamnyima mama huyu mwanawe kwa sababu ya kipande cha plastiki?

Juma, yule mtu wa mzaha, ndiye aliyenishika bega. "Fundi," alisema polepole, "fikiri kwanza."

Sikufikiri. "Nimekuruhusu," nilisema. "Nenda naye."

Kabla ya magharibi tuliibeba ndege hadi kwenye mwamba ulio juu ya bahari. Palikuwa na mabishano kidogo, maana Bi Mwanasha alitaka itiwe majini kama desturi, nami nikamweleza kwamba itazama. Tukaiacha juu ya mwamba, mlango wazi, ubani ukifuka pembeni, tukaondoka bila kugeuka nyuma, kama inavyotakiwa. Asubuhi Juma alikwenda, hakuikuta. Nakiri kwamba mpita njia angeweza kuiokota. Lakini kabla hatujafika nyumbani jioni ile tulimsikia Mariamu akimwita mama yake kwa sauti yake mwenyewe, anataka uji. Wiki ile alisimama. Mwaka jana aliolewa Kinondo, na mimi nilialikwa, nikala pilau.

Sasa nieleze ujira wangu.

Asubuhi ya Ijumaa niliamka kwangu Ukunda, nikatazama picha iliyo ukutani, nikaona mwanamke nisiyemjua. Nilijua ni Zuhura, kwa kuwa ile picha niliitundika mimi. Lakini kujua huko kulikuwa kama kujua jina la mtu katika gazeti. Nilitoa albamu, nikatazama picha zote moja moja. Nikajaribu sauti yake. Nikajaribu kicheko, harufu ya nguo zake, namna alivyokuwa akinikaripia nikichelewa kula. Hakuna kilichokuja. Jina lake ninalo, mwezi tuliooana ninao, ugonjwa uliomuua ninao. Yale yote yanayoweza kuandikwa katika fomu yamebaki. Yaliyobaki hayo si yeye.

Nilikwenda kwa daktari, nikapimwa kichwa, nikaambiwa ni kizima.

Binti yetu Saumu alikuja kutoka Mombasa siku ya Idi. Akaanza kunisimulia jinsi mama yake alivyoanguka na sinia la mahamri, akakaa sakafuni akicheka hadi machozi. "Unamkumbuka, baba, alivyokuwa akicheka?" aliniuliza. Nikacheka alipocheka. Nikanyamaza alipofuta macho. Sijamwambia mpaka leo, na akisoma haya ndipo atakapojua, anisamehe.

Wengine huniuliza kama najuta. Mariamu yu hai na ana mimba. Nikimwona, najua nilisema neno lililofaa. Nikirudi nyumbani kwangu, sijui tena.

Kwa hiyo sikiliza. Mtu akikuagiza kazi akakwambia acha mahali patupu, paache, hata kama huelewi sababu. Usimweke mpendwa wako ndani ya kitu cha mtu mwingine. Wala usitoe ruhusa juu ya maiti wako, kwa mtu yeyote, kwa jambo lolote, ukijidanganya kwamba aliyekufa hana tena cha kuchukuliwa. Anacho, nacho kiko kwako. Kama ukifumba macho bado unamwona, yafumbe sasa hivi, umtazame vizuri, na usimtaje mbele ya mgeni.