Waliponielekeza Kibla

Tulipokuwa tukitafuta leseni za udereva, miaka ile ya hamsini, tulipimwa macho, tukaulizwa mkono unatolewaje dirishani ukitaka kukata kulia. Mtu akilala barabarani na damu, umfanyeje? Hilo hakuna aliyetuuliza, na sisi tulikuwa na haraka ya kushika usukani.

Lori langu lilipinduka asubuhi, nikitoka Pangani kwenda Tanga, nimeshapita Kigombe. Nyuma nimepakia nazi, mbele nimekaa na baba mkwe. Tairi lilipasuka, tukaingia mtaroni. Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko. Mimi nilirushwa nje, nikaangukia mgongo. Mgongo uliniuma, wallahi, lakini miguu ilikuwa hai. Kiatu kimoja kilichomoka, nikausikia mchanga wa moto unyayoni. Nikachezesha vidole. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nitatembea.

Watu wakaja mbio kutoka mashambani. Jamani, watu wa kwetu kwa huruma! Mpeni maji, mkalisheni, mnyoosheni. Mimi sauti haitoki. Baba mkwe akaniangalia macho, akadhani nakata roho, na kwetu mtu anayekata roho haachwi alale ovyo, huelekezwa kibla. Kichwa changu kilikuwa upande wa mkonge, wao wakakitaka upande wa bahari. Akanishika mabega, wengine wakashika miguu, huku akinitamkia shahada sikioni. Wakanizungusha, wakanilaza ubavu wa kulia.

Kitu kilikatika kiunoni. Baada ya hapo mchanga haukuwa moto wala baridi.

Daktari alinieleza baadaye: mfupa wa mgongo ulivunjika nilipoanguka, lakini mishipa iendayo miguuni ilikuwa mizima mpaka nilipogeuzwa. Ningeachwa vilevile, mtu akanishikilia kichwa, nikainuliwa kwa pamoja juu ya ubao, labda. Nikamwitikia, kisha nikauliza uji unaletwa saa ngapi.

Basi nanyi madereva, mtu akiwa anapumua na hakuna moto, mwacheni alivyo. Simamisheni magari, baneni damu kwa kitambaa safi, maji ya kunywa msimpe. Shahada mtamkieni hapohapo alipo, Mungu anasikia kokote. Na msiniletee ubishi.

Baba mkwe akawa anakuja kila Ijumaa kunibeba mgongoni hadi msikitini. Mkwe kumbeba mkwe, watu walishangaa. Njiani akiwaambia, "Huyu nilimwelekeza kibla mwenyewe, Mungu akamrudisha." Siku nyingine nilitamani kumng'ata shingo.

Ijumaa moja alikuja, hakuinama.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba." Akabaki amesimama. "Mwanangu, nasikia mtu wa ajali hageuzwi. Mimi nilikugeuza. Niambie, miguu yako ni mimi?"

Binti yake, mke wangu, alikuwa mlangoni. Yeye nilishamwambia kila kitu. Akanikazia macho. Nikaitafuta hasira yangu niliyoizoea, sikuiona. Sikuona chochote mle ndani.

"Ilikufa nilipoanguka tu, baba," nikasema. "Hata kabla hujanigusa."

Akaketi sakafuni, akalia kwa sauti, mzee mzima. Halafu akajifuta uso kwa mkono wa kanzu, akainama, akanipa mgongo. Nikamshika shingo, tukaenda.