Jina Lililobaki Wazi Uwanjani Bariadi

Saa saba mchana, jua la Bariadi liko utosini na uwanja hauna mtu. Sylvester Mayige anapuliza vumbi kwenye kipaza sauti, anakigonga kwa kidole na kusema, "Moja, mbili. Moja, mbili." Sauti inavuka uwanja, inagonga ukuta wa ghala la zamani la pamba na kumrudia.

"Ukijaribu mitambo taja namba tu," anasema. "Usitaje jina la mtu uwanja ukiwa mtupu."

Mayige, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ni mtangazaji wa uwanjani. Ndiye anayesoma vikosi, anayetaja aliyefunga goli na anayewaomba mashabiki washuke kwenye uzio, ombi ambalo hakuna aliyewahi kulitii. Kazi hiyo haimlishi. Siku za kawaida anauza mashudu ya ng'ombe sokoni. Lakini akiagiza soda dukani watu hugeuka, maana sauti yake inajulikana kuanzia Zagayu hadi Kimali.

"Hata nyumbani nikisema chumvi imepungua, mke wangu ananiuliza dakika ya ngapi," anatania.

Utani unamtoka anapofika kwenye kazi anayoiheshimu kuliko zote, ya kuita waliopotea. Mechi kubwa huleta familia nzima kutoka vijijini, na watoto hupotea. Nuruddin, mfanyabiashara wa spika aliyemfundisha kazi, alimpa sharti moja: jina ukiliita, ulifunge kabla watu hawajaondoka. Mtoto akionekana, mtangazaji husema, "Amepatikana, asanteni," na uwanja mzima hupiga makofi.

"Aliniambia jina usilolifunga unakwenda nalo nyumbani," anasema Mayige. "Nilidhani ananitisha ili nisizembee."

Jina moja lilimshinda. Miaka minne iliyopita Elia, kijana wa Mwamapalala, alikuja kutazama fainali na hakurudi kwao. Polisi walitafuta, kanisa likaomba. Tangu hapo mama yake, Anna Salu, mjane na mkulima wa pamba, alikuja kila mechi, akasimama kwenye dirisha la chumba cha mtangazaji na kusema maneno yale yale, akianza na salamu ya Kisukuma: "Mwadila, baba. Niitie mwanangu." Mayige akaita, mechi baada ya mechi.

Mwaka jana, siku moja, mvua ilivuruga watu na watoto wengi wakapotea. Wakaonekana wote. Mayige alikuwa amechoka kuwataja mmoja mmoja, akaona awafunge kwa pamoja. Akasema, "Wote niliowaita leo wamepatikana. Asanteni sana."

"Nilikuwa nimemwita na Elia," anasema. "Nilikumbuka makofi yalipoanza."

Alichungulia dirishani. Anna alikuwa amesimama, anacheka. Alijifunga kanga vizuri, akatembea hadi getini, na kabla ya kutoka akasogea pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake atangulie.

Wiki chache baadaye Mayige alipanda bodaboda hadi Mwamapalala kuomba radhi. Alikuta sahani tatu zimeandaliwa. Kabla hajafungua kinywa, Anna alimshukuru kwa kumrudishia mwanawe. Pamba ya shamba zima ilikuwa imevunwa, magunia yamepangwa hadi karibu na dari, na majirani wanaapa hawakutia mkono.

"Akageukia mlango wa chumbani, akasema, 'Elia, msalimie mgeni.' Akanyamaza, anasikiliza. Halafu akacheka sana, kama mtu aliyejibiwa jambo la kuchekesha. Na mimi nikacheka."

Mayige anafikicha macho.

"Sikusikia kitu. Lakini nilicheka. Mungu anisamehe."

Akimsindikiza, Anna alimwomba jambo moja: "Usimwite tena, baba. Ukimwita atatoka."

Leo ni fainali nyingine, na Athanasi, kaka yake Anna, amefika mapema na kofia mkononi. Anasema dada yake anakonda. Chakula anampakulia Elia kwanza, kisha na chake anakimwaga kwenye sahani hiyo hiyo. Zahanati hataki kwenda, na hasikilizi ndugu.

"Asubuhi sahani inakuwa tupu," anasema Athanasi. "Hilo usiniulize, sijui. Ninachojua, huyu atakufa kwa njaa. Wewe ulisema kwenye maiki, wewe useme tena kwenye maiki. Sema Elia hajapatikana."

"Akianguka pale jukwaani?"

"Akiendelea hivi ataanguka nyumbani."

Saa tisa uwanja umefurika. Anna anaingia na tiketi mbili. Amekonda kweli, mabega yanaonekana kama henga ya nguo. Anakaa, na kando yake anaacha nafasi ya mtu mmoja. Mwandishi wa makala haya si mtu wa kutishwa na simulizi, lakini nafasi ile hakuipenda.

Mapumziko yanafika. Mayige anawasha kipaza sauti. Athanasi anatazama sakafu.

"Tangazo. Anatafutwa Anna Salu wa Mwamapalala. Popote alipo, afike kwenye dirisha la mtangazaji."

Athanasi anainua kichwa. Jukwaani, Anna anatazama huku na huku, kama asiyelitambua jina lake. Anainamia ile nafasi, anasema jambo, anasubiri, kisha anakuja peke yake.

"Mwadila, mayu," Mayige anamsalimu mama huyo.

"Mwadila, baba. Nani ananitafuta?"

"Mimi. Na kaka yako huyu."

"Elia nimemwacha kule."

"Mwache atazame mpira. Wewe ingia ule."

Ni wali na maharage, chakula cha Mayige mwenyewe. Anna anakula vijiko vichache, haraka haraka, macho dirishani. Nusu anaifunika. "Hii ya Elia," anasema, na hakuna anayembishia. Athanasi analia bila kujificha.

Baada ya filimbi ya mwisho Mayige anafunga majina ya watoto wa leo. La Anna halifungi. Kuanzia Jumapili, anasema, atakuwa anakwenda Mwamapalala na chakula, akae naye mpaka ale.

"Siku atakayomaliza sahani yake mwenyewe, nitalifunga hapa hapa. Anna amepatikana. Naomba niishi niliseme hilo. Na la Elia, mama yake ndiye atakayeniambia niliite tena."

Anaanza kukunja waya, kisha anasita.

"Leo watu wamekaa hadi juu ya uzio. Anna alipokuja kula, uliona mtu akikaa pale alipotoka, au kando yake?"

Mwandishi hakuona mtu.

"Hata mimi," anasema Mayige, na kuzima mitambo. "Basi Jumapili nitabeba wali wa watu watatu."