Sare ya Baba

Jana, nikipita mji wa watu, fundi cherehani alifungua jora la kaki. Nikasimama kunusa. Harufu ile iliwahi kujaa nyumbani kwetu Sitalike.

Baba alikuwa ameongoza wanakijiji kukaa barabarani, wakikataa mashamba yao ya mahindi yaingizwe hifadhini. Afisa wa hifadhi kutoka Mpanda alikuja bila polisi, akakaa nao vumbini.

"Mzee, unajua kuongea na watu," alimsifu baba. "Tunakuhitaji."

Haikupita muda, baba akapewa kazi ya ulinzi wa hifadhi. Mama aliipapasa sare mpya ya kaki.

"Baba watoto, kesho tukikaa tena barabarani, atakayetuondoa nani?"

Baba alifunga vifungo mpaka shingoni.

"Nyie kesho msiende," alisema, kwa upole.