Jibu Nililotoa Mbele ya Baba Mkwe

Asalaam aleikum nyote mtakaosoma haya. Naandika kwa sababu sina sauti, na ningekuwa nayo mngenichoka upesi. Mimi ni dalali wa ngamia hapa Takaba. Kazi yangu ilikuwa kubishana tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kati ya bishano moja na jingine nilivuta sigara. Pakiti nzima kwa siku, na siku ya soko zaidi. Nilianza nikiwa darasa la saba, nyuma ya vyoo vya shule.

Nyumbani sikuvuta. Kwetu mtu havuti mbele ya baba mkwe wake, afadhali avue nguo. Mzee Ibrahim, baba yake mke wangu Halima, anaishi ng'ambo ya ua wetu, kwa hiyo nilitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Nilidhani ni vumbi. Baada ya miezi mitatu, kila nikimeza mate sikio la kushoto lilichoma. Wenzangu sokoni walisema nauza ngamia kwa sauti ya beberu. Nikacheka nao, mjinga mimi.

Wakati huo watu wa utafiti walikuja kwenye zahanati yetu. Walitaka kujua tumbaku inahusiana vipi na saratani huku kwetu, maana mengi yanayojulikana, walisema, yamepimwa kwa watu wa nchi za mbali. Mwenye kikohozi au sauti iliyokauka aende. Mzee Ibrahim alikuwa na kikohozi cha siku nyingi, basi tukaenda pamoja. Chumba kilikuwa kimoja na benchi moja. Msichana mmoja kutoka Nairobi akafungua fomu.

"Mzee, umewahi kuvuta sigara?" akaniuliza.

Goti la baba mkwe lilikuwa linagusa langu.

"Wallahi, hata siku moja," nikasema.

Akamgeukia Mzee Ibrahim kwa swali lilelile. Naye akajibu hajawahi.

Waliokubali kwamba wanavuta walipelekwa kwa daktari aliyewatazama koo kwa kamera nyembamba. Sisi wawili tulipewa dawa ya kikohozi. Njiani kurudi nilijiona mjanja sana.

Mwaka haukuisha. Nilianza kutema damu, kisha pumzi ikawa inapiga mluzi mpaka Halima anaisikia akiwa jikoni. Chakula kilikataa kushuka. Walinipeleka Garissa nimekaa wima garini, kwa sababu nikilala nilikosa hewa.

"Kuna uvimbe kwenye kisanduku cha sauti," daktari alisema. "Umeziba njia ya hewa. Lazima tukutoboe koo sasa hivi. Unavuta?"

Nikaitikia kwa kichwa. Halima alikuwa pembeni yangu.

"Mimi nilijua," akasema. "Ni nani anafua mashati yako?"

Majibu ya kipimo yalipotoka ilikuwa saratani. Daktari alisema ningeonekana mapema, huenda mionzi peke yake ingetosha na sauti ingebaki. Nilipelekwa Nairobi, wakaondoa kisanduku chote. Nilipozinduka nilitaka kusema bismillahi, ikatoka hewa tupu shingoni. Nililia, na hata kilio hakikusikika. Baadaye mionzi ilinibabua ngozi ya shingo. Nililishwa kwa mpira puani, na mke wangu aliniogesha kama mtoto mchanga. Niliona aibu, lakini ningefanya nini?

Alhamdulillahi, nilipona. Napumulia tundu la shingoni, nalifunika kitambaa kwa ajili ya vumbi. Maziwa ya ngamia nayanywa ila siyanusi tena.

Watu wa utafiti waliporudi, alikuwa msichana yuleyule. Alikuja nyumbani, na Mzee Ibrahim alikuwa ameketi nasi. Niliandika kwenye daftari: "Nilikudanganya. Nimevuta tangu utotoni."

Akasoma. "Mzee, tulishakuhesabu kama mtu asiyevuta aliyepata saratani ya koo. Nitapeleka marekebisho, lakini ripoti ya kwanza watu wameshaisoma."

Nilishikwa na hasira, na wa kumkasirikia nikakosa isipokuwa mimi mwenyewe. Hapo Mzee Ibrahim akakohoa.

"Binti yangu, na yangu rekebisha," akasema. "Mimi navuta sigara huko zizini tangu kabla huyu hajaoa mtoto wangu. Ile siku niliona haya. Nitasema namna gani, na mkwe wangu amekaa hapa?"

Alikuwa anatema damu naye, na alituficha. Picha ya kifua ilionyesha saratani kwenye mapafu yote mawili, tena imefika kwenye ini. Daktari akatuambia turudi naye nyumbani.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai, na Halima kwa kila kitu. Ninyi mnaovuta, acheni. Sauti ikikwaruza wiki tatu, nenda ukapimwe, usingoje sikio liume. Na daktari akikuuliza, mwombe mkweo atoke nje kwanza. Hatakasirika. Pengine naye anataka utoke.

Mzee yuko chumba cha mbele kwangu, hali ugali wala haamki. Jana alinishika mkono, akaomba saa yake ikifika mimi, na si mwingine, ndiye nimtamkie shahada sikioni. Ugonjwa umemvuruga, amesahau. Niliitikia kwa kichwa.